Mtoto wa Manyatta na Ripoti ya Gredi ya Sita

Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa shule za msingi, Manyatta

Kuna waliofunga vibanda Kondele ili wawe hapa, kuna aliyeacha pikipiki stejini saa za abiria, na kuna akina mama ambao omena yao imebaki juani ikilindwa na jirani. Kwa hivyo twende moja kwa moja kwenye karatasi.

Karatasi yenyewe ni ripoti ya KPSEA, ile tathmini ambayo mtoto hufanya akimaliza Gredi ya Sita. Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, huiweka kwenye mtandao wake, mwalimu mkuu anaipakua na kuichapisha, na mzazi anaitwa aichukue. Mzazi anaipokea, anaitazama juu, anaitazama chini, anatafuta alama. Haoni 312 wala 287. Anaona jina la somo, na mbele yake kiwango: kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio, au mbali na matarajio. Tena mara nyingi kiwango hicho kimeandikwa kwa Kiingereza na kwa kifupisho. Anaikunja, anaiweka ndani ya Biblia au chini ya godoro pamoja na cheti cha kuzaliwa, na njiani anamuuliza mtoto, "Sasa umepita ama umeanguka?"

Mtoto naye hajui.

Swali hilo si la kijinga. Nchi nzima ilimfundisha mzazi kuuliza hivyo. Mtihani wa KCPE ulianza mwaka 1985, pale mfumo wa 8-4-4 ulipochukua nafasi ya ule wa zamani uliokuwa na CPE katika darasa la saba, na ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Hadi mwaka 2000 ulikuwa wa alama 700, na kuanzia 2001 ukawa wa alama 500. Kwa miaka hiyo yote nambari moja iliamua kama mtoto anakwenda shule ya kitaifa, ya kutwa karibu na nyumbani, au anabaki mtaani akitafuta kazi ya mkono. Muulize mtu wa miaka arobaini hapa Manyatta alama zake za KCPE, atakutajia bila kufikiri. Huenda amesahau tarehe ya harusi yake, lakini alama hizo hajasahau.

Na si mtoto peke yake aliyepewa nambari. Shule nayo ilipewa. Wastani wa shule ulibandikwa ukutani, ukaandikwa kwenye lango, ukachapishwa magazetini kwa orodha kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu, ikiongozwa na Waziri Jacob Kaimenyi, ilitangaza kwamba orodha hizo zinaachwa. Wazazi wengi walikasirika, na hadi leo wapo wanaosema serikali inaficha shule mbovu. Malalamiko hayo yanastahili kujibiwa kwa hesabu, kwa sababu hesabu yenyewe ni rahisi.

Chukua shule yenye watahiniwa 20, na wastani wao ni alama 250 kati ya 500. Jumla yao ni alama 5,000. Sasa mwalimu mkuu anajua mapema kwamba watoto watatu ni dhaifu, kila mmoja atapata kama 120. Anawaita wazazi wao, anawashauri watoto warudie darasa, au wasajiliwe katika shule nyingine. Wale watatu wanaondoka na alama zao 360. Zinabaki alama 4,640 kwa watoto 17. Gawanya. Wastani mpya unakaribia 273. Shule imepanda alama 23, imepita majirani zake kadhaa kwenye orodha, labda mzazi mwingine amehamisha mtoto kuja hapo kwa sifa hiyo, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza neno jipya. Walioondolewa ndio walioumia. Kila mtaa wa Kenya unaijua hadithi hiyo, na wazazi wa watoto kama hao watatu hawakuitwa kwenye sherehe ya kuwabeba walimu mabegani.

Kwa hivyo orodha ilipoondolewa, kilichoondoka si kipimo cha ufundishaji kama wengi wanavyodhani. Hata hivyo kulikuwa na hasara, na ni vizuri kukiri. Mzazi alibaki hana chochote cha kushika mkononi anapotaka kumuuliza mwalimu swali gumu. Hapo ndipo ripoti hii ya Gredi ya Sita inapoingia, kama mzazi ataisoma.

Haina kupita, lakini inahesabiwa

KPSEA ilifanywa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2022, na zaidi ya watoto milioni 1.2 nchini waliifanya. Masomo ni matano: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Sayansi Jumuishi, na karatasi moja inayounganisha Sanaa Bunifu na Masomo ya Jamii. Mtoto hawezi kuianguka. Akifanya vizuri, anakwenda Gredi ya Saba. Akifanya vibaya, anakwenda Gredi ya Saba. Tena haendi mbali, kwa sababu serikali ya kitaifa iliamua Desemba 2022 kwamba sekondari ya msingi, yaani Gredi ya Saba hadi ya Tisa, ikae ndani ya viwanja vya shule za msingi.

Hapo ndipo maneno "haina kupita wala kuanguka" yalipowapotosha wengi. Watu walisikia kwamba haina uzito. Ina uzito. Mwanafunzi anapopangiwa sekondari pevu baada ya Gredi ya Tisa, hesabu yake inajengwa kwa vipande vitatu. Asilimia 20 inatoka kwenye KPSEA, ileile aliyoifanya Gredi ya Sita. Asilimia 20 nyingine inatoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane. Asilimia 60 ni tathmini ya KJSEA mwishoni mwa Gredi ya Tisa. KJSEA ilifanywa mara ya kwanza mwaka 2025, na kundi hilo la kwanza ndilo lililoingia Gredi ya Kumi mwaka 2026, kila mmoja katika mkondo wake: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo.

Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili anayeamka asubuhi ya KPSEA bila kula, au anayekosa siku moja ya tathmini kwa sababu alitumwa kuchota maji, anakatwa kitu ambacho atakutana nacho miaka mitatu baadaye. Hakuna atakayemkumbusha. Na mzazi anayesema "hii si KCPE, haidhuru" anasema nusu ya ukweli.

Sasa kuhusu viwango vinne. Kiwango cha kuzidisha na cha kufikisha matarajio havihitaji maelezo marefu. Wenye kuhitaji kukaa chini na mwalimu ni wazazi walioona kukaribia matarajio, na zaidi walioona mbali na matarajio. Kukaribia si vibaya sana, lakini si neno la kupoza moyo pia. Linamaanisha kuna mambo ya gredi hiyo ambayo mtoto anayaweza kwa kusaidiwa tu. Mbali na matarajio katika Kiswahili au Kiingereza, Gredi ya Sita, huenda kukawa na maana nzito kuliko karatasi inavyoonyesha. Huenda mtoto hasomi.

Hapa kuna jambo la kiufundi linalofaa kujulikana. Tathmini hii ilianza kwa maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne, na mtoto anapaka kiduara kwa penseli. Karatasi ya maswali 40 ikipewa watoto ambao hawajui kusoma hata sentensi, wakapaka viduara kwa kubahatisha, kwa wastani kila mmoja atapata kama maswali 10. Wengine kwa bahati watapata 14 au 15. Mashine inayosahihisha haina njia ya kujua nani alijua na nani alibahatisha. Kwa hiyo tathmini inaweza kupima vizuri mtoto anayesoma, ikaonyesha ni kiasi gani anaelewa, lakini kwa mtoto asiyesoma haitoi picha. Picha hiyo inapatikana kwa sikio.

Kipimo cha dakika tano

Tangu mwaka 2009 kumekuwa na kazi inayoitwa Uwezo, iliyofanywa Kenya, Tanzania na Uganda kwa kufuata mfano wa tathmini ya ASER iliyoanza India mwaka 2005. Watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba. Hawakwenda shuleni, kwa sababu asiyekwenda shule hupatikana nyumbani. Walibeba karatasi yenye herufi, maneno, aya moja, na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, wakamwomba kila mtoto wa miaka 6 hadi 16 asome. Matokeo ya miaka ile ya kwanza yaliwaamsha wengi: kati ya watoto 10 wa darasa la tatu nchini Kenya, takriban 3 tu ndio waliokuwa wakiweza kazi ya darasa la pili. Wengine saba walikuwa wakikaa darasani, wakivaa sare, wakiitwa majina asubuhi, na mafunzo yakiwapita juu ya vichwa.

Kipimo hicho hakihitaji KNEC wala pesa. Mzazi yeyote anaweza kukifanya leo jioni. Achukue kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya Tatu, kama hakuna nyumbani aazime kwa jirani, afungue katikati, mahali ambapo mtoto hajakariri, amwambie mtoto wa Gredi ya Tano au ya Sita asome kwa sauti. Akisoma kwa kutambaa, silabi moja moja, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo, hilo ni jibu. Akisoma vizuri, mzazi amuulize maswali mawili ya kawaida: nani alifanya nini, na kwa nini? Wapo watoto wanaosoma kama redio na hawajui kilichosemwa. Mzazi ambaye hakupata shule asiogope jambo hili. Kusitasita kwa msomaji kunasikika hata kwa asiyejua herufi, na dada mkubwa au kijana wa jirani anaweza kushika kitabu. Usiku huohuo, si lazima kumkemea mtoto. Kwa kweli ni afadhali asikemewe, maana anayekemewa leo kesho atajificha.

Kisha ni shuleni, kwa mwalimu wa darasa, na swali liwe moja: "Mtoto wangu yuko kiwango gani cha kusoma, na atafikaje kinachofuata?" Swali hilo ni gumu kuliko "amekuwa namba ngapi?" na mwalimu mzuri atalifurahia.

Kilichojaribiwa hapa jirani

Kila msimu wa matokeo, mitaani na kwenye vituo vya redio, dawa hutajwa: vitabu zaidi, walimu wapewe zawadi, tuisheni, masomo ya jioni. Kuna mambo ambayo hayahitaji kubahatishwa, kwa sababu yalipimwa Magharibi mwa Kenya, saa chache kwa matatu kutoka hapa. Watafiti Michael Kremer na Esther Duflo, ambao pamoja na Abhijit Banerjee walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walifanya sehemu ya kazi yao Busia na kaunti jirani.

Jaribio la vitabu lilifanywa katika miaka ya 1990, Busia na Teso. Shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada, nyingine zikasubiri. Kila mtu alitarajia alama zipande. Hazikupanda kwa wastani. Waliofaidika ni watoto waliokuwa tayari wanaongoza. Sababu kubwa iliyotolewa ni kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto hao Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Kitabu kilifika mkononi na kikabaki kimefungwa. Hapa Manyatta jambo hilo si geni. Nyumba moja ya kupanga ina Dholuo chumba cha kwanza, Kiluhya chumba cha pili, Kiswahili cha mtaani uani, na Kiingereza kwenye karatasi ya mtihani. Mtaala unaagiza Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini akademi nyingi hujivunia Kiingereza kuanzia chekechea, na mzazi hulipa zaidi kwa sababu hiyo. Mtoto anayeanza kusoma kwa lugha anayoisema nyumbani huelewa haraka maana ya kusoma ni nini. Anayekariri sauti za lugha asiyoijua anaweza kuonekana amesonga mbele kwa miaka mitatu minne, hadi siku karatasi inapomuuliza jambo ambalo hakulikariri.

Jaribio la zawadi kwa walimu lilikuwa la 1998 na 1999. Shule 50 kati ya 100 ziliahidiwa zawadi kwa walimu kama alama za mitihani ya wilaya zitapanda. Alama zilipanda kidogo. Lakini mahudhurio ya walimu hayakubadilika, wala namna ya kufundisha. Kilichoongezeka ni vipindi vya kuandaa watoto kwa mtihani. Zawadi zilipokwisha, faida ikapotea. Hili linafaa kukumbukwa na mzazi anayeombwa kulipia tuisheni ya likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni ya likizo, na sababu si serikali kuchukia bidii ya watoto. Mtoto asiyesoma akipewa karatasi 30 za mitihani ya miaka iliyopita atakachojifunza ni kupaka viduara.

Jaribio la dawa za minyoo, Busia, shule 75, lilipunguza utoro kwa robo. Alama za mitihani hazikubadilika. Wengine husema kwa hiyo dawa haina faida, nao wanakosea. Mtoto mwenye afya anayefika darasani ni jambo jema lenyewe. Lakini kufika ni hatua ya kwanza. Kinachofuata ni anachokikuta huko.

Na kuna jaribio lililofaulu. Mwaka 2005, katika shule 121 za Magharibi, kila shule ilipewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza ili darasa lililofurika ligawanywe mara mbili. Nusu ya shule ziligawa watoto ovyo tu. Nusu nyingine ziligawa kwa kiwango: wanaojua zaidi upande huu, wanaoanza upande ule. Baada ya miezi 18, watoto katika shule zilizogawa kwa kiwango walikuwa mbele, na hili ndilo lililowashangaza wengi: wale wa kundi la chini nao walikuwa mbele. Mwalimu alipata darasa analoweza kuzungumza nalo lote. Katika darasa la watoto themanini wa viwango vyote, mwalimu yeyote, hata awe hodari vipi, huishia kufundisha safu ya mbele.

Shule ya Manyatta haiwezi kuamka kesho na walimu wawili kwa kila darasa. Lakini saa moja kwa siku, watoto wa Gredi ya Tatu, ya Nne na ya Tano wakapangwa kwa kiwango cha kusoma badala ya umri, ni jambo linalowezekana kwa walimu waliopo. Bodi ya shule inaweza kulijadili kikao kijacho. Haligharimu mabati wala saruji.

Siku ambazo hazipo kwenye ripoti

Ripoti haionyeshi siku alizokosa mtoto. Muhula wa wiki 13, mtoto akikosa siku moja tu kila wiki, labda Ijumaa kwa sababu mama anapeleka bidhaa sokoni na mdogo hana wa kumshika, amekosa siku 13. Hizo ni zaidi ya wiki mbili na nusu za masomo. Kwa mihula mitatu ni karibu miezi miwili ya shule. Kwenye daftari la mahudhurio inaonekana kama siku moja moja, haimshtui mtu.

Ugonjwa nao ni sehemu ya hesabu hii. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa watoto 19 kati ya 100 katika ukanda wa Ziwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 6. Mtoto wa Kisumu anashindana kwenye karatasi moja na mtoto wa nyanda za juu ambaye huenda hajawahi kulazwa kwa homa. Chandarua kinachotumiwa kufugia kuku au kuanikia omena, na kila mmoja hapa amekiona, kinaingia kwenye alama za mtoto bila kuandikwa.

Kuna pia chumba chenyewe. Familia ya watu sita katika chumba kimoja cha kupanga, taa moja, televisheni ya jirani ukutani. Kumwambia mzazi huyo "mtafutie mtoto mahali patulivu pa kusomea" ni kumdhihaki. Linalowezekana zaidi ni nusu saa kabla ya giza, nje, kwenye kigoda, mtoto akisoma kwa sauti huku mama akichambua mboga. Katika miaka yote sita ya msingi, nusu saa hizo ni nyingi mno.

Sehemu ya kaunti

Wakazi huuliza, na wana haki: kaunti iko wapi katika haya? Jibu liko katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Walimu wake wanaajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Fedha za elimu bila malipo, iliyoanza Januari 2003, zinatoka Nairobi kwa kiwango cha shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, kiasi ambacho mzazi yeyote aliyenunua sare na viatu anajua ukubwa wake. Kaunti imepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya mashinani, na vituo vya kulelea watoto.

Hilo halisemwi ili kaunti inawe mikono. Ni kinyume chake. Ripoti ya Gredi ya Sita huanza kuandikwa chekechea. Mtoto aliyeketi PP1 na PP2 na mwalimu anayejua kazi yake anafika Gredi ya Kwanza akijua kitabu hufunguliwa upande gani, akijua jina lake likiandikwa, akijua hadithi ina mwanzo na mwisho. Aliyefungiwa nyumbani na dada wa miaka minane hadi siku ya kuanza Gredi ya Kwanza anaanza nyuma, na katika darasa lililojaa hakuna anayerudi kumchukua. Kwa hivyo mkazi anayeona darasa la chekechea Manyatta halina mwalimu, halina choo cha watoto, au limefungwa bila maelezo, hilo ni la kaunti. Aliseme kwa msimamizi wa wodi, alirudie kwenye vikao vya umma vya bajeti, kwa sababu huko ndiko fedha za chekechea hugawiwa, na viti vya vikao hivyo mara nyingi huwa vitupu kuliko vya matanga.

Kuna mambo mengine mawili ya sheria ambayo wazazi wamekuwa wakiyauliza. La kwanza ni kurudishwa darasa. Sheria hiyohiyo ya 2013 inasema mwanafunzi aliyekubaliwa shuleni asizuiwe kusonga darasa. Shule ikimwambia mzazi amrudishe mtoto Gredi ya Tano ili "asiharibu matokeo," mzazi ana haki ya kukataa, na mtoto ana haki ya kusaidiwa alipo. La pili ni viboko. Sheria inakataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi, na faini yake inaweza kufika shilingi 100,000 au kifungo cha miezi sita au vyote viwili. Mtoto kupata kiwango cha chini si kosa la jinai la mtoto. Nyumbani nako, siku ya kuchukua ripoti isigeuke siku ya mikanda. Wazee wa mitaa wanajua ni milango gani ya kubisha jioni hiyo.

Kwa wenye malalamiko kuhusu ripoti yenyewe, mathalani somo lisiloonekana au jina lililokosewa, kwanza ni mwalimu mkuu, kwa sababu shule ndiyo iliyo na njia ya kufika KNEC. Isipotatuliwa, ni ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Mzazi aende na ripoti yote, si picha ya simu iliyokatwa pembeni, na cheti cha kuzaliwa, na ahakikishe namba ya tathmini ya mtoto inasomeka. Namba hiyo ndiyo itakayomfuata hadi Gredi ya Tisa.